Kati ya "Nipe" na "Naomba"

Katika wiki yangu ya kwanza jijini Nairobi niliingia duka moja la mtaa wa South B, nikamsalimu muuzaji, nikangoja aitikie, kisha nikasema, "Naomba maziwa paketi mbili na mkate." Alinitazama kidogo, mkono wake ukiwa tayari juu ya rafu, akauliza, "Unaomba ama unanunua?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kuelewa. Kabla sijajibu, aliingia kijana mmoja, akaweka noti ya shilingi mia mbili juu ya kaunta na kusema, "Nipe unga kilo mbili na kiberiti." Hakusalimu wala hakungoja. Muuzaji alimhudumia, akamrudishia chenji, wakaagana vizuri. Mimi niliyelelewa Tanga, ambako mtoto akimwambia mtu mzima "nipe" huulizwa papo hapo ni nani aliyemfundisha kuomba namna hiyo, nilitoka pale na maziwa yangu nikiwa na moyo mzito, kana kwamba nimeshuhudia ugomvi ambao wenyewe hawakuwa na habari nao.

Wakati huo nilikuwa nikisoma jioni, baada ya kazi, kozi ya mawasiliano baina ya tamaduni. Mifano mingi ya darasani ilihusu Mmarekani aliyekwenda Japani au Mjerumani anayefanya biashara na Mwarabu. Jambo hilo lina sababu yake. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani ambaye wengi humhesabu kuwa mwasisi wa taaluma hii, aliyakuza mawazo yake miaka ya 1950 akifundisha katika taasisi ya Washington iliyowaandaa wanadiplomasia wa Marekani kwenda ng'ambo, na kwa hiyo nadharia hizi zilizaliwa zikimtazama mtu anayevuka bahari na kukutana na lugha asiyoijua. Hakuna aliyekuwa ameniandaa kuvuka mpaka wa Namanga kwa basi na kuikuta lugha yangu mwenyewe ikifanya kazi nyingine. Miaka niliyoishi hapa imenifanya niamini kwamba nadharia hizi hufaa zaidi pale ambapo lugha ni moja, kwa sababu hapo ndipo tusipotarajia kukosa kuelewana, na kosa likitokea tunalihesabu kuwa ni tabia mbaya ya mtu.

Nianze na hilo la dukani. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kazi yao iliyotoka kwanza mwaka 1978 na kuchapwa upya kama kitabu mwaka 1987, walieleza kwamba kila mtu ana "uso" anaotaka ulindwe, na kwamba uso huo una pande mbili: haja ya kukubalika na wenzake, na haja ya kuachwa huru bila kuingiliwa. Walilijenga wazo hilo juu ya msingi wa Erving Goffman, ambaye mwaka 1955 aliandika juu ya juhudi ambazo watu hufanya katika mazungumzo ili pasiwe na anayeaibika. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kubembelezwa alikubali jambo hili, kwa kuwa wahenga walikwisha kusema kwamba uso umeumbwa na haya. Kwa mujibu wa Brown na Levinson, kumwomba mtu kitu ni kumwingilia, na uzito wa kumwingilia huko hupimwa kwa mambo matatu, nayo ni umbali wa kijamii baina ya wanaozungumza, tofauti yao ya mamlaka, na ukubwa wa kile kinachoombwa. Kadiri uzito unavyoongezeka, ndivyo msemaji anavyotakiwa kulainisha maneno yake.

Ukiipima "nipe" ya yule kijana kwa mizani hii, ubaya wake unatoweka. Muuzaji amefungua duka ili auze, mnunuzi ameleta fedha, na unga uko rafuni. Hakuna anayeingiliwa. Katika hesabu hiyo, "naomba" yangu ndiyo iliyokuwa na kasoro, maana ilifanya biashara ya kawaida ionekane kama ninahitaji msaada. Kwa masikio ya Nairobi, kuomba ni kuomba kweli: ni kazi ya mwenye shida, au ya mtu aliyepiga magoti mbele ya Mungu wake.

Hata hivyo mizani hiyo inakwama ninapoirudisha Tanga. Mama yangu humwambia mjukuu wake wa miaka sita, "Naomba maji, mwanangu." Umbali wa kijamii hakuna, mamlaka yote yako kwa bibi, na glasi moja ya maji si mzigo kwa mtu yeyote, kwa hesabu ya nadharia, "lete maji" ingetosha kabisa. Lakini yeye hapimi uzito wa ombi. Anasema anavyopaswa kusema mtu aliyelelewa, na papo hapo anamlea yule mtoto. Nilifurahi sana nilipogundua kwamba Wajapani waliliona tatizo hili mapema: Yoshiko Matsumoto mwaka 1988 na Sachiko Ide mwaka 1989 walisema kwamba katika lugha yao adabu haitokani tu na hesabu ya msemaji mmoja anayetafuta njia ya kupata anachokitaka, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni kuitambua nafasi yako miongoni mwa watu na kuzungumza inavyoelekea. Sikuwahi kufikiri kwamba maelezo bora ya maneno ya mama yangu ningeyapata kutoka Japani.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulitambua ni kwamba Nairobi nako wanalainisha maneno, ila hulainisha mahali nisipopatazama. Siku moja mwenzangu wa ofisini aliniambia, "Dada, nisaidie na kalamu." Nilibaki nimeduwaa, kwa sababu katika Kiswahili cha nyumbani sentensi ile ilinitaka nimsaidie kazi fulani nikiwa pamoja na kalamu. Alichotaka ni kalamu tu. Baada ya hapo nilianza kuisikia kila mahali: nisaidie na chumvi, nisaidie na namba yake, nisaidie na hicho kiti. Hiyo ndiyo "naomba" ya Nairobi. Inamwinua anayeombwa na kumfanya msaidizi, na kwa kweli ni neno la heshima kubwa, ingawa mimi nilikuwa nimepita mbele yake kwa miezi mingi nikilalamika kwamba watu hawa hawana adabu.

Historia inaeleza sehemu ya tofauti hii. Tanzania baada ya uhuru iliifanya shule ya msingi ya umma ifundishe masomo yote kwa Kiswahili, ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na ofisini, mahakamani na mikutanoni tukazoea kubeba heshima yote katika lugha hii moja. Kenya ilienda njia nyingine. Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani wa taifa kwa mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na kikawa lugha rasmi pamoja na Kiingereza kwa Katiba ya mwaka 2010. Kwa hiyo Wakenya wengi wa bara wamekua na lugha tatu zilizogawana kazi, lugha ya mama kwa mambo ya nyumbani, Kiingereza kwa shule na ofisi, na Kiswahili kwa soko, matatu na barabara. Mwenzangu huyohuyo anayesema "nipe hiyo faili" akiandika barua pepe kwa Kiingereza hulainisha kila ombi kwa "kindly". Adabu yake ya kiofisi anayo. Ameihifadhi katika chumba kingine. Na nisimsahau mtu wa Pwani. Mzee wa Mombasa anayekusabahi kwa "sabalkheri" na kungoja uitikie atashangaa sana akiambiwa kwamba yeye, kwa kuwa ni Mkenya, ni mtu wa "nipe".

Hayo ni ya dukani, na madhara yake ni moyo kuwa mzito kwa jioni moja. Yako makosa yanayogharimu zaidi. Kampuni ninayofanyia kazi huleta Nairobi vitunguu vyekundu vya Mang'ola, kule karibu na Ziwa Eyasi, kwa malori yanayopitia Namanga. Msimu mmoja wa masika mwenzangu anayeshughulikia wateja alimpigia simu wakala wetu wa Arusha, na kwa kuwa sote tulitaka kusikia, aliiweka simu mezani na kufungua spika.

"Boss, mzigo utafika Ijumaa?"

Palikuwa na kimya kifupi. "Kaka, habari za huko?"

"Poa. Mzigo utafika Ijumaa?"

"Mzigo tunaufuatilia. Huku mvua nayo inanyesha kweli kweli. Lakini tutajitahidi, Mungu akipenda."

"Kwa hivyo Ijumaa iko sawa?"

"Sawa, kaka. Tutawasiliana."

Mwenzangu alikata simu, akaandika "Ijumaa" kwenye ubao, akawapigia wateja wetu wawili wa soko la Marikiti kuwaahidi. Lori liliingia Jumanne jioni, magunia ya juu yakiwa yamelowa, na mteja mmoja alikuwa amekwisha nunua kwingine. Mwenzangu alisema wazi, "Alinidanganya." Nilipompigia wakala, aliumia kwa dhati kuambiwa hivyo. "Dada," alisema, "mimi nilimwambia mapema kabisa kwamba mvua inanyesha."

Wote wawili walikuwa wakweli. Katika maneno ya wakala mimi nilikuwa nimesikia "hapana" mara nne: katika kile kimya, katika mvua iliyotajwa na mtu aliyeulizwa kuhusu siku, katika "tutajitahidi", na katika "tutawasiliana", ambayo kwa mazungumzo ya namna ile maana yake ni kwamba jambo halijaamuliwa. "Sawa" yake ya mwisho ilikuwa ya kumwitikia mtu aliyekwisha kung'ang'ania, na wala haikuwa ahadi. Katika kitabu chake cha mwaka 1976, Hall aliita mawasiliano ya aina hii kuwa ya muktadha mzito, yaani yale ambayo sehemu kubwa ya maana imo katika hali, uhusiano na desturi, na sehemu ndogo tu imo katika maneno yenyewe. Kinyume chake ni muktadha mwepesi, ambamo kila kitu hutamkwa na lisilotamkwa huhesabiwa kuwa halipo. Stella Ting-Toomey, aliyeijenga nadharia ya majadiliano ya uso kuanzia miaka ya 1980, anaongeza jambo ambalo naliona muhimu zaidi: katika mgogoro mtu anaweza kuwa analinda uso wake mwenyewe, au uso wa mwenzake, au wa wote wawili kwa pamoja. Mwenzangu aliamini kwamba wakala alikuwa anajilinda yeye. Wakala, kwa fikira zake, alikuwa anamstahi mwenzangu, asimkatalie mbele ya watu aliowasikia wakizungumza nyuma yake.

Lazima niseme na langu. Nilikuwa nimekaa mita moja kutoka kwenye ile simu, na nilijua kwamba Ijumaa haipo. Nilinyamaza. Sikutaka kumsahihisha mwenzangu mbele ya wengine wakati amekwisha kushika kalamu, na nikajiambia kwamba nitamweleza faraghani, kisha kazi zikanizidi. Kwa hiyo nilimfanyia yeye kilekile ambacho wakala alimfanyia, na hasara ya yale magunia ina mkono wangu pia. Tangu siku ile sijaweza tena kusoma maneno "muktadha mzito" kama maelezo ya watu fulani walio mbali.

Wala sikubali kwamba basi Watanzania ni watu wa muktadha mzito na Wakenya ni wa muktadha mwepesi, kama ninavyosikia watu wakisema baada ya semina ya siku moja. Mwenzangu huyo akimpigia rafiki yake na kuambiwa "niko kwa njia", anaendelea kunywa chai yake bila wasiwasi, kwa sababu anajua kwamba rafiki bado yuko nyumbani na pengine hajavaa viatu. Hakuna aliyemfundisha, na hamwiti rafiki yake mwongo. Muktadha anao, mwingi sana, ila aliujenga na watu wengine. Mimi niliyekuja kutoka nje nilisimama kwenye kituo cha basi dakika arobaini nikimngoja mtu aliyekuwa "kwa njia".

Ndiyo maana naitilia shaka mizani inayopima nchi nzima kwa namba moja. Geert Hofstede, mtafiti Mholanzi, katika kazi yake mashuhuri ya mwaka 1980 kuhusu tofauti za tamaduni za mataifa, alitumia dodoso zaidi ya laki moja zilizojazwa na wafanyakazi wa kampuni ya IBM kati ya mwaka 1967 na 1973, na baadaye jedwali lake lilipanuliwa hadi nchi 50 na maeneo matatu. Nililitafuta jina la Tanzania katika jedwali hilo, kisha la Kenya, na sikuyaona. Zilikuwa zimeunganishwa pamoja na Ethiopia na Zambia, zikaitwa Afrika Mashariki, zikapewa alama moja: 64 kwa umbali wa mamlaka, yaani jinsi watu wanavyoikubali tofauti ya mkubwa na mdogo, na 27 kwa ubinafsi, yaani mtu kujitanguliza mbele ya kundi lake. Tofauti inayonishughulisha kila siku ya kazi, iliyotugharimu mteja, katika jedwali lile haipo kabisa. Sisemi kwamba kazi ya Hofstede haina thamani, kwani ilitufundisha kuuliza maswali mazuri kuhusu mkubwa na mdogo, mtu na kundi. Nasema tu kwamba mtu akiipeleka kwenye meza yetu na ile simu, haitamwambia chochote.

Nadharia iliyonifaa kwa vitendo zaidi ni ya mwaka 1975, ya Charles Berger na Richard Calabrese, kuhusu kupunguza mashaka. Wanasema kwamba watu wasiojuana wanapokutana, haja yao kubwa ni kupata habari za kuwawezesha kutabiri mwenzao atafanya nini. Tangu niisome, salamu zetu ndefu nimezitazama kwa jicho jingine. Wenzangu wa Nairobi walikuwa wakiziona kuwa ni kupoteza muda, na mimi nilizitetea kwa jina la adabu peke yake, kumbe zina kazi ya kupeleleza kwa heshima. Ninapouliza habari za nyumbani na kujibiwa "nzuri" kwa sauti iliyonyooka, najua ninaweza kuendelea na shida yangu. Nikijibiwa "nzuri tu", hiyo "tu" imenieleza jambo. Nikijibiwa "tunamshukuru Mungu", nasimama hapo, namuuliza mtu kuna nini, na ile habari ya vitunguu inangoja. Lau mwenzangu angeipokea ile "habari za huko?" na kuirudisha, angejua hali ya barabara kabla hajaitaja Ijumaa.

Nilimweleza hivyo, faraghani, kwa kuchelewa kwa wiki mbili. Hakukasirika. Aliniuliza swali ambalo mpaka leo naliheshimu: "Na yeye atajifunza nini?" Swali hilo ndilo kiini cha nadharia ya Howard Giles, aliyeanza mapema miaka ya 1970 kuchunguza jinsi watu wanavyosogeza usemi wao kumwelekea mwenzao au kumkimbia. Kusogea kunaweza kupita kiasi. Mwenzangu alipotumwa Arusha kwa mara ya kwanza alikuwa ameambiwa kwamba Tanzania watu huamkiana "shikamoo", akampa "shikamoo" mhudumu wa hoteli wa rika lake mwenyewe, dada ambaye hakujua kama acheke au ajitazame kwenye kioo. Alikuwa amelishika neno bila kushika umri unaoliongoza. Na kusogea kwa upande mmoja peke yake kunachosha: anayesogea kila siku, mwishowe huanza kumchukia anayengoja kusogelewa. Kwa hiyo nilimpigia wakala pia, nikamweleza kwamba Nairobi "hapana" iliyosemwa Jumatatu ni heshima, kwa sababu inampa mtu nafasi ya kupanga upya, na kwamba mvua peke yake haitoshi kuwa jibu.

Masika yaliyofuata barabara ziliharibika tena. Nilikuwa mezani kwangu mwenzangu alipopiga simu Arusha. Alisalimu. Aliuliza habari za mtoto, aliyekuwa na homa juma lililopita, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayejaribu ngazi kwa mguu mmoja, "Kaka, naomba uniambie ukweli wa Ijumaa."

Kile kimya kikaja, na safari hii hakukijaza.

"Ijumaa hapana, kaka," wakala alisema. "Jumatatu mchana."

Alimshukuru, wakaagana kwa kirefu, akaenda kwenye ubao na kuandika Jumatatu.